Mkamwana Alifunga Umeme, Mimi Nikaongea na Ukuta

Nyumba yangu ya Ihanda niliijenga mwenyewe. Matofali nilifyatua mwenyewe, nikayachoma mwenyewe, na siku ya kupaua nilipanda juu ya kenchi nikagongelea bati la kwanza huku mafundi wakiniangalia. Shule niliishia darasa la tatu. Darasa la nne lilikuwa ng'ambo ya mto, na mwaka ule mto ulijaa, nikaona hiyo ni ishara. Nikabeba mizigo mpakani Tunduma, nikauza mahindi, nikapanda kahawa, nikasomesha watoto. Hakuna mtu aliyewahi kunipa kitu cha bure isipokuwa ushauri. Kwa hiyo ukiisema vibaya nyumba ile, umenisema mimi.

Taabu ilianza na nyonga. Ilikuwa inalia kama bawaba ya mlango, mimi nikiipuuza, mpaka daktari akaitazama picha yake na kuniambia kile kilima cha kwenda shamba langu la Isansa basi tena. "Mzee," akasema, "sasa ukae." Kukaa! Shamba nikamwachia kijana wa ndugu yangu, mimi nikakaa kibarazani. Nilikaa mpaka kuku wakanizoea, wakawa wananipitia juu ya miguu. Kisha nikahamia jikoni, nikaanza kumwelekeza mke wangu namna ya kusonga ugali, kazi ambayo ameifanya tangu kabla sijamjua. Akaweka mwiko chini.

"Baba watoto," akasema, "tafuta shamba jingine. Hili la jikoni lina mwenyewe."

Nikalitafuta. Siku moja nilivuka mpaka kwenda Nakonde kununua dawa ya kuchua, nikakuta duka linauza taa za kuoteshea mimea, ndefu, zenye mwanga wa rangi ya zambarau. Muuzaji Mzambia akaniita "bashikulu", ndiyo babu kwa heshima ya Kibemba, akaniwashia moja. Chini yake alikuwa na kopo lenye mche wa nyanya, umesimama wima kama askari. Nikafikiri: mwezi wa sita na wa saba baridi yetu ya Mbozi inagoma kuotesha nyanya na hoho. Wakulima wa Igamba wanahangaika na vitalu vyao, mbegu inakaa udongoni inatetemeka. Mimi nina chumba cha wavulana, wavulana wameshaoa. Nikarudi na taa nne, feni moja na pampu ndogo ya maji. Dawa ya kuchua niliisahau.

Vitanda vya wavulana vilikuwa deka za chuma, kitanda juu ya kitanda. Nikatoa magodoro, nikapanga juu yake madumu ya mafuta ya kupikia niliyoyapasua ubavuni, nikajaza udongo na samadi, nikapanda. Umeme ulitoka kwenye holda ya balbu darini. Hapo nilichomeka adapta, kwenye adapta nikachomeka ekstensheni, na kwenye ekstensheni hiyo, ekstensheni nyingine. Zilining'inia pale kama utumbo wa ng'ombe buchani, lakini kila kitu kiliwaka. Fyuzi ilipokuwa inakatika katika, niliifunga kwa waya mnene. Ikaacha kukatika. Nikajipongeza.

Na mbegu zikaota, bwana! Zikaota zote. Asubuhi nilikuwa naamka kabla ya jogoo, naingia mle, nanyunyizia maji, nazungusha madumu, nang'oa dhaifu naacha imara. Nyonga hainiumi nikiwa kazini. Nilikuwa mkulima tena, ila sasa shamba langu lilikuwa na mlango na kitasa.

Tatizo dogo lilikuwa dirisha. Jua likizama, chumba kile kilitoa mwanga wa zambarau mpaka barabarani, na barabara yetu ndiyo ile ya malori yanayosubiri zamu ya mpaka. Mimi ni mzee wa kanisa. Jioni moja dereva mmoja akabisha hodi, kofia mkononi.

"Shikamoo mzee. Vyumba vipo?"

"Vyumba gani?"

Akaonyesha dirisha kwa kidevu. "Hivyo vyenye taa nzuri."

"Hicho kimejaa."

"Kimejaa akina nani?"

"Hoho."

Akanitazama, akalitazama dirisha, akarudi kwenye lori lake akigeuka geuka. Mke wangu alicheka mpaka akakaa chini. Kesho yake akashona pazia zito.

Kicheko chake kiliisha wiki ile ile. Alikuwa anafua, akaingia chumbani kwa miche pekupeku, mikono ina maji, kuchukua ndoo yake ambayo nilikuwa nimeiazima bila kumwambia. Nikasikia kelele. Nilipofika alikuwa ukumbini, ameushika mkono wake kama mtoto aliyeng'atwa na nyuki.

"Kitanda kimenipiga," akasema.

"Kitanda hakipigi mtu."

"Kiguse."

Nilikuwa na viatu vya mpira. Nikakigusa, nikaona si kitu, nikamwambia ni baridi tu imemwingia kwenye mishipa. Akasema, "Vua viatu." Nikavua, kwa dharau, nikashika chuma. Sitaeleza sauti iliyonitoka. Nitasema tu kwamba kuku wote walikimbia, na mke wangu hakunipa pole.

Jioni akaongea bila kupandisha sauti, na akiongea hivyo ujue hukumu imeshaandikwa. Ama umeme wa nyumba ile ufungwe upya na fundi anayejua, ama Jumapili akitoka kanisani atafungua mlango wa nyuma na kuyatoa madumu yote nje, moja moja, kwenye baridi. "Usiku mmoja tu," akasema, "hoho zako zitakuwa mboga."

Nikamleta fundi. Kijana mchangamfu, alisimama mlangoni tu, akasema, "Hapa hakuna shida mzee wangu." Mke wangu akamsindikiza mpaka njiani. Aliporudi akasema, "Anayesema hakuna shida kabla hajaingia ndani, huyo ndiye shida yenyewe. Ninamtaka mke wa mwanao."

Nikaishika fimbo yangu kama ninayeondoka.

Mwanangu wa pili ni dereva wa malori ya Kongo, na mke wake ni fundi umeme. Amesoma chuo cha ufundi, ana karakana yake Tunduma, na kanisa letu ndiye aliyelifunga umeme, paka haungurumi tena kwenye spika wakati wa mahubiri. Lakini sisi ni Wandali. Baba yangu alishuka kutoka Ileje kuja kulima huku, akashuka na mila zake zote, hakuacha hata moja njiani. Kwetu, baba mkwe na mkamwana hawaonani uso kwa uso. Hawazungumzi. Mkikutana njiani, mmoja anaingia kwenye kahawa na kukitazama kichaka mpaka mwenzake apite. Ndiyo heshima yetu. Vijana siku hizi wanakaa na wakwe zao kochi moja wanatazama mpira, sawa, ni macho yao. Mimi siku ya harusi ya mwanangu nilikaa nyuma ya nguzo. Tangu aolewe, mke wa mwanangu nilikuwa namjua kwa kanga zake na mlio wa pikipiki yake.

"Haiwezekani," nikasema.

"Basi Jumapili," akasema mke wangu.

Akaja, mkamwana, asubuhi yenye ukungu. Nilisikia pikipiki, kisha ngazi ikishushwa, nami nikajifungia sebuleni. Sasa fikiria mwenyewe: fundi anataka kuingia kila chumba, na mimi nina nyonga mbovu. Mke wangu alisimama ukumbini akituongoza kama trafiki wa mizani.

"Anakuja sebuleni! Baba, nenda chumbani."

Nikaenda chumbani.

"Anataka chumbani! Baba, toka kwa mlango wa nyuma."

Nikatoka.

"Baba, upo wapi? Anataka kuangalia waya uliopita nje."

Nikaingia bandani kwa kuku. Nilikaa mle nimeinama, kuku ananitazama kwa jicho moja kama anayeuliza kodi. Niliijenga nyumba ile mwenyewe, na siku ile haikuwa na pembe ya kunificha.

Alipomaliza kuzunguka, tukafika kwenye mpango. Yeye alikaa jikoni kwenye kigoda. Mimi sebuleni, nyuma ya pazia la mlango. Katikati, ukumbini, mke wangu amesimama kama daraja. Kutoka kigoda mpaka kiti changu hapakuwa na umbali wa kurusha kandambili, na kila mmoja alimsikia mwenzake akipumua. Lakini mila ni mila.

"Mama," nikasikia, sauti yenye mkwaruzo kidogo, isiyo na haraka, "mwulize baba, nyumba hii ilifungwa umeme na nani?"

"Anauliza nyumba ilifungwa umeme na nani."

"Nimesikia."

"Hujasikia. Sijakwambia."

"Fundi wa redio," nikasema. "Mtu hodari sana. Alikuwa anatengeneza redio za wilaya nzima."

"Anasema fundi wa redio."

Kigoda kikalia jikoni. Kisha: "Mama, mwambie baba, fundi wa redio alifunga redio. Tunaishi ndani ya redio."

Mke wangu alinipelekea maneno hayo akiwa ameuma upande wa kanga.

Nitasema ukweli, mtoto wa watu anaijua kazi yake. Alieleza polepole, na mke wangu akarudia kila neno, hivyo nilifundishwa kila jambo mara mbili, kitu ambacho shuleni hawakunifanyia. Waya zote za nyumba zilikuwa mstari mmoja, taa na soketi na redio na pasi, zinagombania mlango mmoja kama ng'ombe wa josho. Waya wa kuupeleka umeme ardhini haukuwepo kabisa. Kwa hiyo umeme ukivuja kwenye kitanda cha chuma unakaa pale pale, unamsubiri mwenye miguu iliyolowa. Na ile fyuzi niliyoifunga kwa waya mnene, akauliza ni ya nani.

"Anauliza fyuzi ni kazi ya nani."

"Mwambie ni kazi yangu."

"Anasema ni kazi yake."

"Mama, mwambie baba, fyuzi kazi yake ni kukatika. Hii ya baba, nyumba ingeungua, fyuzi ikabaki nzima."

Mpango wake ulikuwa hivi. Chumba cha miche kipate mstari wake, wa peke yake, kutoka kwenye boksi jipya la breka. Breka mojawapo iwe ile inayonusa umeme ukivuja, ikinusa tu inakata kabla mtu hajamaliza kusema mama. Waya zipite ndani ya paipu. Soketi zikae juu, mbali na maji, na kila waya unaoshuka upinde chini kwanza kabla ya kupanda kwenye soketi, ili tone la maji lidondoke sakafuni badala ya kufuata waya mpaka ndani. Taa zining'inie kwa minyororo, zisilale juu ya chuma. Na deka zote zifungwe waya wa kijani mpaka kwenye nondo ya shaba itakayochimbiwa nje, pale tunapomwaga maji ya vyombo, pana unyevu mwaka mzima. Ekstensheni asione hata moja.

"Anauliza unahitaji soketi ngapi," akasema mke wangu.

"Nne," nikasema. "Zote chumbani kwa miche."

Mke wangu akageukia jikoni. "Anasema nne. Mbili chumbani kwa miche, moja jikoni ya friji, na moja ya taa ya banda la kuku."

Nikakohoa. Sikuweza kumsemesha mkamwana, na kumkatalia mama mkwe wake mbele yake ni aibu. Lakini kikohozi si maneno. Nikakohoa kwa nguvu.

"Mama, baba ana kifua?"

"Ni vumbi," akasema mke wangu. "Friji iwe upande wa dirisha."

Friji hatukuwa nayo. Ndiyo kwanza nilikuwa nasikia habari zake.

Nikaona nisipotee kwenye friji, kuna jambo muhimu zaidi. Zamani, kabla wavulana hawajakua, chumba kile nilimpangisha kinyozi. Kinyozi na mimi tuligombana juu ya luku, ile mita ya kulipia kabla, nani anatumia zaidi, akaenda akavuta umeme wake mwenyewe kwa jirani, waya ukapita juu ya kenchi na kushuka ndani ya ukuta, kisha tukapiga lipu juu yake. Kinyozi alihama. Waya haukuhama. Nikamwambia mke wangu: "Mwambie pia, ukuta wa upande wa jirani, kule ndani kuna waya wa kinyozi."

Mke wangu akageuka. "Anasema sawa," akasema. "Na kwamba friji isiwe karibu na jiko la mkaa."

Nikakohoa tena. Mkamwana akanipa pole.

Sasa mniamini: nilisema. Habari ya kinyozi niliisema kwa mdomo wangu, ila ilifika ukumbini ikakuta friji imeziba njia. Nilimwambia mke wangu jioni, akajibu, "Atapima, ana vyombo." Kwenye nyumba ile mtu mmoja alikuwa ameshashinda, na hakuwa mimi.

Kesho yake, siku ya kazi, mkamwana alikuja na nondo, paipu, boksi na begi la vyombo lenye uzito wa mtoto. Akazima swichi kubwa, akapima kila mahali kwa testa, akaridhika. Miche yangu ilikuwa gizani tangu jana yake alipokataza tusiwashe hata taa moja, nami nilikuwa nyuma ya pazia langu nikiihesabia saa kama mtu mwenye mgonjwa wodini. Mpaka mchana alikuwa amefunga boksi na kuchimbia nondo. Kisha akina mama wa kanisa wakapita njiani, wakamwita mke wangu, kuna msiba wa kupanga chakula. "Narudi sasa hivi," akasema, maneno ambayo kwa wanawake wa kanisa hayana saa.

Daraja likaondoka. Tukabaki kila mtu ng'ambo yake.

Nikasikia ngazi ikisogezwa. Pazia langu lina tundu, sikulitoboa mimi, ni nondo walilitoboa, wale wadudu. Mlango wa chumba cha miche ulikuwa wazi mkabala, nikaona gauni la kazi la bluu, mgongo, na mkono umeshika patasi. Alikuwa amechora mstari kwa chaki kwenye ukuta wa upande wa jirani, pale anapotaka kupachika soketi ya juu. Juu kabisa ya ule waya wa kinyozi.

Swichi yangu kubwa ilikuwa imezimwa, kweli. Lakini waya ule ulikuwa unakula kwa jirani.

Nikakohoa.

"Pole baba," akasema kwa ukuta, bila kugeuka. Akaweka patasi kwenye chaki.

Nikakohoa mpaka kifua kikaniuma kweli. Nikagonga sakafu kwa fimbo.

"Jamani, mama akirudi amchemshie baba tangawizi," akasema, akainua nyundo.

Kwenye kichwa changu marehemu baba yangu akasimama na wazee wote wa Ileje nyuma yake, wananitazama nitafanya nini. Nikawaza: nikinyamaza nimetunza mila, na mwanangu atarudi kutoka Kongo kumzika mkewe. Nikisema, nimevunja nilichokishika tangu harusini. Sikuwaza kwa muda mrefu. Nyundo ilikuwa hewani.

"WEWE UKUTA!" nikapiga kelele. "Wewe ukuta una waya wa kinyozi ndani! Una moto! Unatoka kwa jirani!"

Nyundo ikabaki hewani.

Mkamwana akashuka ngazi, taratibu, kipande kwa kipande. Akaweka patasi chini. Hakugeuka. Akautazama ukuta, akausalimia kwa heshima zote:

"Shikamoo, ukuta."

Nikafikiri. Ukuta ule ni mkubwa kwa umri kuliko yeye. "Marahaba," ukuta ukajibu.

"Ukuta, huo waya unashukia wapi?"

"Kutoka kenchi ya tatu," ukuta ukasema, "unashuka mkono mmoja kutoka kona, unafika usawa wa kifua cha mtu aliyekaa. Kinyozi alikuwa na kioo hapo."

"Na kwa jirani umefungwa wapi?"

"Nyuma ya mita yake. Na amekuwa akilalamika luku yake inaisha haraka."

Akatoka nje. Nikasikia akibisha hodi kwa jirani, nikasikia jirani akishangaa, nikamsikia mkamwana akicheka. Waya ukakatwa kule. Aliporudi akapanda kenchi, akauvuta wote kutoka ukutani, mrefu, mweusi, sehemu nyingine umetafunwa na panya mpaka shaba inang'aa. Akaulaza ukumbini karibu na pazia langu, makusudi, nione. Niliutazama kupitia tundu.

"Ukuta," akasema, "kwa nini hukusema jana?"

"Nilisema. Friji iliniwahi."

Hapo akacheka mpaka akakaa kwenye kipande cha ngazi.

Basi kazi iliyobaki tuliimaliza wawili. Sikutoka nyuma ya pazia, naye hakugeuza uso, lakini mambo yalikwenda kama maji kwenye mfereji uliosafishwa. Aliuuliza ukuta: feni inakaa upande gani, maji ya pampu yanarudi wapi, taa ziwake saa ngapi mpaka saa ngapi. Ukuta ukajibu. Ukuta ukashauri soketi moja ishushwe kidogo, mzee mwenye nyonga asipande kiti. Akasema, "Ukuta umesema jambo la maana, lakini ishuke kidogo tu, isifikwe na maji." Tukabishana. Nikashinda nusu.

Mke wangu aliporudi kutoka kwenye msiba alitukuta hivyo. Alisimama mlangoni na kapu kichwani.

"Unaongea na nani?" akamwuliza mkamwana.

"Na ukuta, mama."

"Na wewe huko unaongea na nani?"

"Na ukuta wangu," nikasema. "Niliujenga mwenyewe, nina haki ya kuusalimia."

Alinuna. Kazi yake ya ukalimani ilikuwa imekufa, na aliona kabisa ni nini kilichokuwa hatarini. "Na friji?" akauliza.

"Soketi ya friji ipo, mama," mkamwana akasema. "Ukuta umekubali."

Ukuta haukuwa umekubali, ila ulikuwa umechoka.

Kabla hajawasha, mkamwana alisimama ukumbini akiwa amelipa pazia mgongo. "Sasa, ukuta," akasema, na safari hii hakucheka, "siwashi mpaka tukubaliane. Hakuna ekstensheni. Hakuna adapta kwenye holda. Kabla ya kunyunyizia maji, breka ya chumba inashushwa. Breka ikikata yenyewe, haifungwi na waya, naitwa mimi. Na ukiongeza taa moja kutoka Nakonde bila kuniuliza, nakuja kuyatoa madumu kwa mkono wangu, simsubiri mama."

Nimeamriwa na makarani, na askari wa mpaka, na madaktari. Wote niliwapa jibu. Nilifungua mdomo nimpe na yeye. Nikauona ule waya mweusi sakafuni na meno ya panya.

"Ukuta umesikia," nikasema.

"Ukuta unaapa?"

"Unaapa."

Akapandisha breka. Chumba kikawaka zambarau, feni ikaanza kuzunguka, pampu ikapiga chafya kidogo kisha ikatiririsha. Mkamwana akabonyeza kitufe cha kujaribia ile breka ya kunusa, ta! giza. Akapandisha tena. Mke wangu akavua kandambili bila kuambiwa. Akachovya mikono kwenye ndoo, akaingia pekupeku, akasimama mbele ya deka ile ile. Aliitazama kama mtu anayemtazama mbwa aliyemng'ata. Kisha akaishika kwa mikono miwili.

Nikazidi kubandika jicho kwenye tundu la pazia.

"Hakuna kitu," akasema. Akaitikisa mpaka madumu yakagongana. "Haya, baba watoto. Shamba lako."

Mkamwana alitoka kwenda kukusanya vyombo vyake uani, nami ndipo nikatoka nyuma ya pazia na kuingia. Siku zile za giza zilikuwa zimekula kidogo: nyanya zimerefuka zikainama, na hoho za pembeni zimepoteza rangi. Lakini za katikati zilikuwa hai, shina gumu, jani la kijani kilichokolea. Nikashusha breka kama nilivyoapa, jambo lililonikera sana, nikanyunyizia maji, nikasubiri yakauke, nikapandisha. Kisha nikachagua dumu moja la hoho, lile bora kuliko yote, ambalo mkulima mmoja wa Igamba alikuwa amenibembeleza nikamkatalia. Nikalibeba mpaka mlango wa nyuma, nikaliweka kizingitini karibu na begi la vyombo la mkamwana, nikarudi ndani na kufunga mlango, ili apite kuja kulichukua.